Sufuria ya Watu Wawili: mwongozo kamili wa kupika nyumbani na kula nje mjini Lubumbashi

Mama alinifundisha kupika kwa watu kumi na mmoja. Sikujua kwamba hilo lingenisumbua mpaka nilipoolewa. Wiki ya kwanza kwetu Katuba nilipika sombe, yaani majani ya muhogo, kama nilivyozoea, nikajaza sufuria kubwa tuliyoletewa siku ya harusi. Tukala Jumatatu, tukala Jumanne. Jumatano bwana yangu akafunua kifuniko, akanusa, akakirudisha polepole kama mtu anayefunika maiti. Hakusema kitu. Jioni tulitoka kwenda kula michopo, yaani nyama ya kuchoma, na pesa ya chakula ya wiki nzima ikaishia kwenye karatasi yenye mafuta.

Sasa ni miaka sita. Tunatoka mara moja kwa wiki, siku zilizobaki tunapika, na chakula hakitupwi tena. Nitaeleza tunavyofanya, hatua kwa hatua. Bei sitaandika, maana falanga haikai mahali pamoja na mwezi ujao nitaonekana mwongo. Nitawapa vipimo.

Neno moja kwa wasomaji wa mbali: kwetu bukari ndio ugali wenu, na mboga ni chochote kinachoshusha bukari, yawe majani, nyama au samaki. Mtu wa Lubumbashi akikuambia "leo mboga ni kuku", usidhani amechanganyikiwa.

Hatua ya 1: Gawanya vyakula kabla ya kugawanya pesa

Watu wengi huuliza, "Tutoke au tupike?" Sisi tunauliza chakula chenyewe: je, watu wawili wanaweza kukipika vizuri kidogo kidogo? Kama hawawezi, hicho ni cha nje.

Michopo ni ya nje. Inataka moto mpana wa pipa lililopasuliwa, mbuzi mzima wa kuchagulia sehemu, na mtu aliyesimama kwenye moshi toka ujana wake. Nilijaribu kuichoma juu ya mbabula yetu ndogo, jiko la makaa. Nje ikaungua, ndani ikabaki mbichi, na majirani wakajua. Kwanga, ule mkate wa muhogo, ni ya nje, kikanda ni cha nje (nitakieleza kwenye Hatua ya 8), samaki mkubwa wa kuchoma naye ni wa nje, kwa sababu akishaletwa mzima watu wawili hawammalizi.

Cha nyumbani ni kile kinachoharibika kikisubiri mteja. Bukari inashika nafasi ya kwanza. Ile ya malewa, yaani vibanda vya chakula, imefungwa ndani ya nailoni tangu saa nne asubuhi. Inashibisha, lakini imekwisha kutoa jasho. Lenga-lenga (mchicha), matembele, mayai, ndakala (dagaa) wa kukaanga: vyote hivi hupoteza utamu ndani ya nusu saa, na vinapikika kwa muda mfupi kuliko ule wa kusubiri usafiri.

Sombe inakaa katikati. Kazi yake ni ndefu, lakini hupenda kulala. Tunaipika nyumbani kwa siku mbili, siku mbili tu.

Nadhani sufuria zetu kubwa zina historia. Wazee waliofanya kazi Union Minière walipewa posho, unga na maharage na mafuta, ikipimwa kwa kuhesabu mke na watoto. Mji huu ulioanzishwa 1910 kwa ajili ya shaba ulijifunza kupika kwa jamaa nzima, na shangazi aliyekuja kusalimia hakuhesabiwa kuwa mgeni. Mabinti wa siku hizi wanaolewa, wanahamia vyumba viwili, na mkono bado unamimina maji ya watu kumi.

Hatua ya 2: Vyombo, makala (yaani makaa) na unga

Nunua sufuria ndogo mbili, moja ya lita 2 na nyingine ya lita 3, zenye vifuniko vinavyobana. Ile kubwa ya harusi iweke juu ya kabati, itashuka siku ya wageni. Halafu tafuta kikombe kimoja cha robo lita kiwe kipimo chenu cha kila siku, na kisitoke jikoni kwenda kunywea chai.

Mbabula iwe ndogo. Mbabula kubwa hula makala ya watu kumi hata ukipikia mayai mawili. Gunia la makala linunuliwe wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo barabara za porini zinaharibika, bei inapanda, na makala yenyewe huja yamelowa, kwa hiyo unalipia maji. Kama gunia ni zito kwenu, gawaneni na jirani.

Washa mara moja upike vitu viwili. Makala yakiwa na nguvu mpya yapewe kazi ngumu, maharage au sombe. Yakianza kuvaa majivu ndipo bukari, na moto wa mwisho upashe maji ya kuoga. Na hapa sitanii: mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi huingia mpaka mifupani, na watu huiingiza mbabula chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Hewa ya makala yanayowaka haina harufu ya kukuamsha, na inaua. Mbabula ibaki nje, mjifunike mablanketi mawili.

Unga sasa. Mahindi mengi ya mji huu hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karibu kilomita 90 kutoka hapa, ndiyo sababu mvua ya Zambia tunaisikia kwenye sahani zetu. Ukame ulipowapiga hadi serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa pili 2024, huku nasi tulijua. Kila mwaka miezi migumu ni ile ya katikati ya mvua, kuanzia wa kwanza mpaka wa tatu. Mavuno huanza mwezi wa nne, na mtu mwenye akiba hununua kuanzia hapo.

Lakini usikimbilie gunia. Fanya hesabu: wawili wakila bukari mara moja kwa siku wanatumia kama gramu 270 za unga. Kilo 25 zitakaa miezi mitatu, na unga wa mahindi yasiyokobolewa hauvumilii kiasi hicho. Unachacha, unaota wadudu, unaanza kunuka kama gari la zamani. Tunanunua gunia pamoja na mama mmoja wa uani kwetu, tunagawana nusu kwa nusu. Gunia likiwa ghali tunanunua kwa meka, kopo la kupimia, kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini.

Kununua kwa meka kuna adabu yake. Kwanza tazama ndani ya kopo, kwa sababu kuna makopo yaliyobonyezwa kitako. Kisha msalimie mama vizuri, uulize bei, umwache ajaze kilima chake juu. Akishamwaga ndani ya mfuko wako ndipo useme, "Mama, na matabishi?" Ataongeza kiganja kimoja. Ukidai matabishi kabla hajapima, atakuibia kwenye kilima na atakuwa na haki.

Hatua ya 3: Bukari isiyobaki

Kwa watu wawili wenye njaa ya kawaida: vikombe 3 vya maji, vikombe 2 vya unga bila kilima.

Chukua nusu kikombe cha unga ukivuruge kwenye nusu kikombe cha maji baridi, kutoka kwenye yale matatu. Maji yaliyobaki yakianza kuimba motoni, mimina uji huo huku ukikoroga. Acha uchemke dakika 7 hivi. Wengi huruka hapa, wakarusha unga mkavu kwenye maji ya moto, halafu wanashangaa madonge. Uji ukishakuwa mzito na unaruka-ruka, rudisha kifuniko nusu, usije ukakuchoma mkono. Alama moja ninayo mpaka leo.

Sasa nyunyiza unga uliobaki kidogo kidogo, ukisonga kwa mwiko na kuukandamiza kwenye ukuta wa sufuria. Sufuria ndogo hukimbia, kwa hiyo ishike kwa kitambaa au uibane kwa miguu. Ikishakuwa ngumu kama unavyopenda, funika dakika 3 juu ya moto hafifu, songa tena mara ya mwisho, geuza kwenye sahani iliyolowa maji.

Mnaopenda ya mchanganyiko: uji uwe wa mahindi, halafu unga wa muhogo ndio umalizie. Muhogo hauhitaji muda mrefu kama mahindi, na ukitangulia utavuta kama mpira. Nusu kikombe cha muhogo kwa kikombe kimoja na nusu cha mahindi kinatosha kuipa bukari ule ulaini. Bwana yangu, mtoto wa Kasenga, angependa muhogo zaidi. Tumekubaliana kwamba anayesonga ndiye anayeamua, na tangu hapo anasonga yeye mara nyingi, jambo ambalo sikulalamikia.

Hatua ya 4: Sombe ya siku mbili

Nunua majani yaliyokwisha kutwangwa, kama nusu kilo, kutoka kwa mama unayemwona akitwanga au akisagisha. Yawe kijani kibichi chenye unyevu. Yakiwa na rangi ya kahawia yamelala. Kwa watu wawili kutwanga mwenyewe ni kujitesa, na kinu kitagombanisha wapangaji.

Majani ya muhogo yana sumu yake ya asili, sianidi, na kutwanga ndiko kunakoifungua. Moto ndio unaoiondoa. Kwa hiyo weka majani kwenye sufuria ya lita 3, maji vikombe 6, uache yachemke wazi bila kifuniko nusu saa nzima ya kwanza. Usiweke mafuta bado. Wanaoweka mafuta mapema kwa haraka ya harufu nzuri wanapata sombe inayokwaruza koo. Baada ya nusu saa funika nusu, endelea saa moja nyingine, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Ukionja, jani liyeyuke ulimini bila kutafunwa.

Kuna wanaotia magadi au baikaboneti ili yalainike upesi. Mimi sitii. Yanakuwa laini, kweli, lakini yanapoteza ladha na vitamini, na dakika 20 za makala si utajiri.

Majani yakiwa tayari tia kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa, pilipili hoho moja, majani ya poaro (liki) kiasi cha mkono mmoja, bilinganya ndogo kama unayo. Dakika 15. Sasa mafuta ya mawese, vijiko vikubwa 4, na kiganja cha ndakala waliooshwa. Chumvi mwisho, kwa sababu ndakala wengine wamekuja nayo. Moto mdogo dakika 20, mpaka mafuta yaelee juu na kung'aa.

Gawanya sufuria kabla ya kula. Hii ndiyo siri iliyoniponya. Nusu ya kesho itolewe mara moja, ikiwa bado ya moto sana, iingie kwenye sufuria ndogo safi na kufunikwa, wala kijiko chenye mate kisiiguse. Ukisema "tutagawa baada ya kula", mtaendelea kuchovya mpaka mtambue kwamba kesho imeliwa.

Hatua ya 5: Siku za haraka

Ndakala ni wale samaki wadogo ambao Dar es Salaam wanaitwa dagaa. Wetu wanatoka maziwa ya Tanganyika na Mwero. Kikombe kimoja kinatosha wawili. Wamwagie maji ya moto, wakoroge kwa mkono, mwaga, rudia mara tatu mpaka mchanga uache kusikika chini ya bakuli. Wakaushe kwenye kitambaa. Kaanga mpaka wakauke na kulia, watoe, halafu kwenye mafuta yaleyale kaanga kitunguu na tomati mbili. Warudishe dakika 3 tu. Wakikaa zaidi watalainika kama karatasi iliyonyeshewa.

Lenga-lenga na matembele: osha, kata, tia kwenye sufuria na maji kidogo, dakika 10 basi. Siku ambayo hakuna nyama wala samaki nasaga kalanga nusu kikombe, naichanganya na maji, nachemsha nayo majani dakika 15 nikikoroga, kwa sababu kalanga hushika chini upesi. Hiyo haina haja ya kuombewa radhi mbele ya mgeni.

Maharage yanataka maelezo kidogo. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana dada yako aliyepo Pwani anakuambia saa moja, nawe unapitiliza. Yaloweke usiku, asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Chumvi na tomati viingie yakishaiva. Pika kikombe kimoja na nusu cha makavu: watakula wawili leo, na kesho asubuhi mabaki yataliwa na mkate.

Kuhusu bowa, yaani uyoga, wakati wa mvua: nunueni, msichume. Wapo wa ajabu, kuna uyoga wa kichuguu ambao kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita 1, unauzwa ukiwa umebebwa kama mwavuli. Lakini porini wabaya wanasimama karibu na wazuri, na mama anayeuza barabarani kila mwaka ana macho ambayo sisi wa mjini hatuna.

Hatua ya 6: Kuishi bila kuamini friji

Friji tunayo. Umeme ndio mgeni. Kwa hiyo tunapika kana kwamba hatuna: mabaki yanachemshwa usiku kabla ya kulala, yakachemka kweli na kutoa mapovu, kisha hayafunguliwi mpaka asubuhi, ambapo yanachemshwa tena. Sufuria inawekwa ndani ya beseni lenye maji baridi, kifuniko kimefungwa. Sombe na nyama ya mchuzi huvumilia hivyo siku ya pili. Maharage wakati wa joto la mwezi wa kumi hayavumilii, yanaanza kuvuta uzi. Samaki wa barafu, wale wanaotoka bahari ya Namibia, anunuliwe asubuhi na apikwe mchana uleule. Akilainika hakuna kumrudisha kwenye barafu.

Hatua ya 7: Kutoka

Kuna kutoka kwa mchana na kutoka kwa jioni, na sheria zake hazifanani.

Mchana ni malewa. Mnakwenda kabla ya saa saba, sufuria zikiwa bado zinajaa. Tazameni nani anakula hapo: madereva na wachukuzi wa mizigo wana pesa chache na tumbo lisilosamehe, walipojaa pana sababu. Tazameni pia maji ya kunawa, kama yanamiminwa kwenye mkono au watu wote wanachovya kwenye beseni moja. Kama ni beseni, salimieni mwende zenu. Mkikaa, agizeni mboga mbili tofauti na bukari madonge mawili, mchangie. Mama wa malewa akiona mume na mke wanakula sahani moja hufurahi, na mara nyingi huongeza mchuzi bila kuombwa.

Jioni ya Jumamosi ni michopo, na hapa ndipo pesa hupotelea.

Kabla ya kutoka nyumbani toeni pesa ya pikipiki ya kurudi, iwekwe mfuko mwingine. Kiasi cha kutumia kikae kwa mmoja wenu. Kwetu nakishika mimi, naye ndiye anayezungumza na mchomaji. Tukibadilishana tunaibiwa wote wawili.

Fikeni mapema, moto wa kwanza ukishatulia, saa kumi na moja hivi. Siku ambayo Mazembe, timu yetu ya mpira, wanacheza nyumbani epukeni Kamalondo, mtaa wa uwanja wao, kabisa, au nendeni wakati mchezo unaendelea, maana filimbi ya mwisho ikilia uwanja wote unaelekea kwenye mbuzi mmoja.

Msikae kwanza. Simameni karibu na nyama mbichi. "Tantini, unataka wapi?" atauliza. Onyesheni kwa kidole: mbavu kwa ajili ya mafuta, na kipande cha paja kwa ajili ya nyama. Kwa wawili, gramu 700 pamoja na mifupa zinatosha, ikiwa mtaongeza ndizi au kwanga. Ulizeni bei nyama ikiwa bado inaning'inia. Kisu kikishapita mmekwisha kununua. Ulizeni pia kama kitunguu na pilipili vimo ndani ya bei hiyo.

Mara moja hatukuuliza. Ilikuwa nganda (baa) moja yenye taa nzuri, tukakaa, tukaagiza kwa kupunga mkono kama matajiri. Hesabu ilipokuja ilikuwa na sahani ya kachumbari ambayo hatukuiona, na bia moja iliyonywewa na nani sijui. Bwana yangu alilipa, akanyamaza njia nzima. Tangu hapo chupa tupu haziondoki mezani kwetu mpaka tulipe. Kijana akija kuzichukua nasema, "Ziache mwanangu, tunazihesabu." Ni desturi ya kawaida, hakuna atakayekasirika.

Mwambieni mchomaji nyama ichomwe pembeni ya makala, vipande vikubwa, ikatwe baada ya kuiva. Vipande vidogo hukauka vikawa kokoto. Itachukua nusu saa na zaidi, kwa hiyo agizeni kabla njaa haijawashika, na mgawane chupa moja kubwa ya bia ya Simba au soda mkisubiri. Chupa ya pili ndiyo inayozidi bei ya nyama. Ikija, pasueni kipande kinene karibu na mfupa. Mbuzi akiwa na wekundu kidogo rudisheni motoni, hakuna aibu. Nguruwe akiwa na wekundu wowote msile, maana minyoo ya tegu hukaa humo.

Kitunguu na tomati mbichi vimeoshwa kwa maji gani? Miezi ya mvua kipindupindu hutembelea mji huu, na mimi wakati huo naomba kitunguu kiguswe na moto pamoja na nyama. Pilipili nabeba yangu kwenye kichupa. Nimechekwa, nimezoea.

Hatua ya 8: Vya mkononi, na kimoja cha kutengeneza

Kikanda kinunuliwe kipande kimoja cha kugawana. Kimetengenezwa kwa viazi vya okidi za porini vilivyotwangwa, kalanga, pilipili na magadi ya majivu, kikipikwa mpaka kikate kama nyama. Kizuri ni kigumu, kavu juu, na kisu hakishikwi na ute. Kwa nini kipande kimoja tu? Okidi hizo hazilimwi, zinachimbwa, na kila kiazi kilichochimbwa ni ua lililokufa. Wachimbaji walifika mbali hadi milima ya kusini mwa Tanzania, ambako Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Nakula kikanda, sitaki kudanganya, ila sikifanyi mboga ya kila wiki.

Vinkubala, yaani viwavi vikavu, ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Loweka kikombe kimoja kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, sugua, mwaga mchanga, chemsha na chumvi mpaka maji yakauke, kisha kaanga na kitunguu na tomati. Asiyewahi kuvila aanze na vitatu: wanaowashwa na kamba wa baharini wanaweza kuwashwa na hivi pia.

Na munkoyo, kinywaji cha mahindi, tunatengeneza wenyewe, kwa sababu wa kununua huwezi kujua maji yake. Pika uji mwepesi: lita 3 za maji, vikombe 3 vya unga wa mahindi, saa moja, moto mdogo. Uache upoe mpaka kidole kivumilie. Hapo ndipo unatia mizizi ya munkoyo iliyooshwa na kupondwa, kiganja kimoja, ukoroge. Ukiitia uji ungali moto sana, nguvu ya mizizi inakufa na utabaki na uji wenye harufu ya udongo. Ukiitia wakati wake, ndani ya saa chache uji mzito unalegea kuwa maji, kwa sababu mizizi inaivunja wanga kuwa sukari. Chuja, funika kwa kitambaa, uache ulale. Kesho yake ni kinywaji cha watoto na wageni wa kanisani. Siku ya tatu umeanza kulewesha, mpeni mjomba.

Jumapili: mifupa

Kabla ya kuondoka kwenye michopo, mwombe mchomaji akuuzie kipande cha shingo au vifundo, vibichi. Wateja wengi hawavitaki, atakupa kwa bei ya urafiki. Mkifika nyumbani, hata kama mmechoka, washeni makala machache: shingo iingie kwenye sufuria ya lita 2 na vikombe 6 vya maji, kitunguu kilichopasuliwa mara mbili, chumvi kidogo. Nyama ya kuchoma iliyobaki msiitie sasa. Ipasheni juu ya makala mpaka ivuke, ifunikwe, ikae pembeni. Mchuzi uchemke saa moja na nusu huku mkioga na kusimulia nani alikuwa amevaa nini pale nje, ufunikwe, ulale kwenye beseni la maji.

Asubuhi, kabla ya misa, chemsheni tena. Mkirudi, kateni lenga-lenga mafungu mawili yaingie kwenye mchuzi huo dakika 10, pamoja na vile vipande vilivyobaki vya michopo, vinavyolainika na kuacha moshi wao ndani ya majani. Bukari vikombe 3 kwa 2, kama tulivyosema. Kwetu anasonga yeye.